Gari la Bluu na Maji ya Mitungi

Jua la Masinga haliondoi rangi ya gari kwa siku moja. Linaila polepole, mpaka asubuhi moja unapitisha kiganja juu ya boneti na kiganja kinatoka na unga. Unga huo si vumbi, ni rangi yenyewe. Miale ya jua huvunja ile gundi inayoshikilia chembe za rangi, na gundi ikishakwisha chembe zinabaki juu bila mshikizi. Mvua ikinyesha zinasombwa, jua likirudi zinalegea nyingine. DX yetu ilikuwa imefika hapo. Paa lilikuwa limepauka hadi likawa la kijivu, boneti ina mabaka, na chini ya milango kutu ilikuwa imeanza kuinua rangi kutoka ndani.

Ni Toyota Corolla ya zamani, zile DX zenye mlango wa nyuma unaoinuka, ambazo zilibeba watu na magunia katika barabara zetu miaka mingi kabla ya Probox kuingia. Marehemu baba mkwe aliinunua alipokuwa mwalimu, na hapa Ekalakala haikuwa gari la mtu mmoja. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, watu walikuja kugonga kwetu, na DX ikashuka naye hadi Matuu. Baada ya msiba gari lilikuja kwa mume wangu, lakini mwenye sauti juu yake ni mama mkwe. Watoto wanamwita Susu, sisi wakubwa tunamwita Mwaitu.

Mwaitu ndiye aliyeanzisha jambo. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa amepata mchumba upande wa Mwingi, na wazee walikuwa wameshakubaliana siku ya kupeleka mbuzi wa ntheo, wale ambao Wakamba hupeleka kwa wakwe wapya. Mwaitu alisema hawezi kushuka mbele ya wakwe zake wapya kutoka kwenye gari lililochakaa hivyo. Watu wangesema wamekuja kuoa na njaa.

Mume wangu alimleta fundi mmoja wa Matuu alitazame. Fundi alizunguka gari, akagonga milango kwa kifundo cha kidole, akataja Sh60,000. Pesa hizo zingenunua mbuzi wa kutosha, na mbuzi ndio tuliokuwa tunatafuta. Ikaamuliwa tutapaka wenyewe, hapa nyumbani, uani.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa rangi. Mume wangu, Baba Mwende, alitaka nyeupe.

"Gari la baba yako ni la bluu," Mwaitu alisema.

"Mwaitu, nyeupe inapunguza joto."

"Joto tumezaliwa nalo."

Logibuku ndiyo iliyoamua. Rangi ya gari imeandikwa humo, na ukiibadilisha ni lazima uijulishe NTSA, mamlaka ya usafiri, ili kumbukumbu za gari zirekebishwe. La sivyo, polisi wa barabarani akilinganisha karatasi na bodi, una kesi. Siku za kushughulikia hayo hazikuwepo. Bluu ikabaki bluu, na Mwaitu akaenda kuchambua maharagwe yake bila kuongeza neno.

Mjomba aliitwa kutoka ng'ambo ya pili ya soko. Ni kaka yake Mwaitu, na alipulizia magari rangi huko Nairobi tangu ujana hadi kifua kilipokataa. Ukimsikia akipanda kilima kidogo cha kuingia kwetu, unajua ni yeye kabla hujamwona. Rangi nyingi za gari za siku hizi huchanganywa na hadina ili zikauke ngumu, na hadina hiyo huwa na kemikali za jamii ya isosianeti. Zikipulizwa kwa kompresa zinakuwa ukungu mwembamba ambao kitambaa kilichofungwa puani hakiuzuii hata kidogo. Kemikali hizo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya pumu inayotokana na kazi, na mapafu yakishachukizwa nazo, hata harufu kidogo baadaye inaweza kuyabana. Nenda gereji yoyote ya jua kali uone vijana wanavyopulizia wakiwa na fulana iliyozungushwa mdomoni. Nawaonea uchungu kila ninapopita. Wanatengeneza magari mazuri kwa pumzi zao.

Kulikuwa na kijana jirani aliyejitolea kutuazima kompresa. Mjomba alikataa.

"Hapa kuna watoto," alisema. "Hatupulizii kitu. Tutapaka kwa rola."

Mume wangu alidhani mzee anatania. Rola ni ya ukuta. Lakini magari yalipakwa kwa mkono kabla ya kupuliziwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita viwanda vilipaka bodi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka la vanishi, na gari lilingoja wiki nzima nzima likauke. Mambo yalibadilika mwaka 1923, kampuni ya DuPont ilipotoa rangi ya Duco iliyokauka haraka, na General Motors ikaitumia kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Huko ndiko upuliziaji ulikoshika kasi, kwa sababu kiwanda hakikuweza kungoja. Sisi tulikuwa na uwezo wa kungoja, ingawa si sana.

Mjomba alituagizia rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha ya chuma, rola ndogo za sponji, tapentaini, praima nyekundu ya kuzuia kutu, na misasa ya namba mbalimbali. Vyote pamoja havikufika robo ya bei ya fundi. Alitueleza kasoro za rangi hiyo waziwazi kabla hatujafungua mkebe. Haiwi ngumu upesi kama rangi halisi ya gari. Petroli ikiimwagikia kabla haijakomaa, inalainika. Na inakauka kwa kunyonya oksijeni ya hewani, kwa hiyo ukiipaka nzito, juu inafunga ngozi na ndani inabaki mbichi. Dawa ni kuichanganya na tapentaini hadi iwe nzito kidogo tu kuliko maziwa mabichi, kisha kupaka tabaka nyembamba sana. Ya kwanza inatia aibu, bodi inaonekana chini yake. Unavumilia. Ikikauka unapaka ya pili, unasugua kwa msasa na maji, unaendelea.

Msasa na maji. Hapo ndipo mimi nilipoingia.

Ekalakala haiko mbali na bwawa la Masinga. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, na ndilo ghala la maji la mitambo ya Seven Forks: Masinga lenyewe lenye megawati 40, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yanayohifadhiwa hapa kwetu yanawasha taa za watu wa mbali kabisa. Lakini boma letu linapata maji mgongoni mwa punda, mitungi ya lita 20, na kila mtungi unalipiwa. Hili linanikera tangu nilipoolewa huku, nami sioni sababu ya kulisema kwa sauti ya chini. Mwanamke anayeishi jirani na maji mengi kiasi hicho hapaswi kupima kikombe cha kuoshea sahani.

Sasa mume wangu alikuwa amesimama kando ya pipa langu na kata mkononi.

"Kidogo tu, Mama Mwende."

"Kidogo kwa gari zima?"

Nilimuuliza mjomba kwa nini wasisugue kavu. Alinijibu kwa heshima, na jibu lake lilinifunga mdomo. Rangi za zamani mara nyingi zilitiwa risasi. Ukizisugua kavu, unga wake unaelea, unatua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sufuria, kwenye vidole vya watoto, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo unaokua. Maji yanaukamata unga huo papo hapo. Pia yanauzuia msasa usizibe. Kwa hiyo maji yalikuwa lazima. Swali lilikuwa yatoke wapi.

Nikawapa ya kusuuzia nguo. Nilifua asubuhi, maji ya mwisho nikayaweka kwenye ndoo za gari badala ya kuyamwaga. Mjomba aliyagusa akatabasamu. Sabuni kidogo inaufanya msasa uteleze vizuri, na mafundi wengine huiongeza kwa makusudi. Maji safi ya mtungi tuliyaweka kwa suuza ya mwisho tu, kabla ya rangi. Yale machafu ya bluu yaliyotiririka chini, Mwaitu alitaka kuyamwagia sukuma wiki, kwani hapa kwetu maji hayamwagwi ovyo. Nilikataa kwa mara ya kwanza tangu anifahamu. Tulichimba shimo mbali na bustani na mbali na njia ya kuku, tukayafukia humo.

Watu wakisema kazi fulani ni rahisi, mara nyingi wanamaanisha shilingi. Punda hayumo katika hesabu hiyo, wala mwanamke aliyeamka mapema kufua nguo zisizokuwa chafu sana ili ndoo zijae.

Kusugua kulitumaliza sisi sote. Namba 220 kwenye kutu mpaka chuma king'ae, kisha 320, kisha 400 bodi nzima. Shemeji alisugua paa. Mimi nilisugua milango ya upande wa kulia, na kucha zangu zikawa za bluu. Mjomba hakuweza kusugua kwa sababu ya pumzi, lakini alikuwa na kazi yake. Alikuwa anakuja, anamwaga maji kwenye sehemu tuliyodhani tumemaliza, anafumba macho, anapitisha vidole vitatu taratibu toka boneti hadi mlango. Vidole vikisimama, anafumbua macho na kugonga pale. Wala hasemi. Unarudi unasugua. Nilijaribu kufumba macho kama yeye, na kweli nikakuta ukingo mdogo wa rangi ya zamani ambao macho yangu yalikuwa yameupita. Mng'ao hauwi na huruma na mahali kama hapo. Kila kasoro iliyo chini, rangi mpya inaikuza.

Matundu ya kutu tuliyaziba kwa filla, praima nyekundu ikapakwa palipokuwa chuma kitupu, vioo na plastiki tukavifunika kwa kurasa za Taifa Leo na maskin tepu. Hayo yalikwenda salama.

Boneti ndiyo iliyoanza visa. Ilikuwa imesuguliwa, imesuuzwa, imekauka, inangoja. Mwende, aliye gredi ya kwanza, alitoka kuoga asubuhi akajipaka yale mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo nusu ya Ukambani hujipaka, akapita kwenye gari la babu yake, akaliwekea mkono. Hakuna aliyemwona. Baba yake alipopitisha rola, rangi ilitandazika vizuri kila mahali isipokuwa pale. Pale ilianza kurudi nyuma. Tulisimama tukiiangalia inavyojikusanya na kuacha vishimo vidogo vya mviringo, kimoja, kingine, vingi, mpaka katikati ya boneti pakajitokeza kiganja na vidole vitano vilivyotanuka, praima ikionekana ndani yake. Rangi haishiki juu ya mafuta. Inakimbia.

Mwende alipouona mkono wake alilia. Baba yake alifungua mdomo, Mwaitu akamtangulia. "Usimguse mtoto," alisema. "Amesalimia gari la babu yake." Ilibidi rangi ile ifutwe yote ingali mbichi, boneti isafishwe kwa kitambaa chenye tapentaini, kitambaa kitupwe, kingine kichukuliwe, kisha msasa tena. Tangu hapo mjomba aliweka sheria: kitambaa kisipitishwe mahali pawili, na asiyenawa kwa sabuni asikaribie.

Mlango wa nyuma wa kushoto ulipata balaa jingine. Tapentaini ilikuwa imekwisha, shemeji akatumwa dukani kwa bodaboda. Alirudi na chupa ya soda iliyojazwa kimiminika cheupe, bila karatasi wala alama. Ndivyo vinavyouzwa huku, tapentaini, thina, hata mafuta ya taa, vyote katika chupa zinazofanana, na mimi naona ni desturi mbaya inayoweza kumuua mtoto mwenye kiu. Ile ilikuwa thina kali ya rangi za kupulizia. Iliyeyuka kwenye rangi bila shida, ikapakwa, ikang'aa kwa dakika chache. Halafu tabaka la chini, lililokuwa limekauka nusu tu, likaanza kuvimba. Mlango ulijikunjakunja kuanzia kwenye kitasa ukashuka hadi chini, na sauti ndogo ya kupasuka ilisikika ukikaribia. Mjomba aliinusa ile chupa kutoka mbali akaisukuma kwa mguu. Mlango ule ulikwanguliwa hadi chuma na kuanza upya.

Kufikia hapo tulikuwa tumejifunza saa za rangi. Alfajiri haifai, umande unatua juu na kuacha utando mweupe. Mchana haufai, chuma kinachoma kiasi kwamba rangi inakauka kabla ya kutandaa na alama za rola zinabaki. Jioni wadudu wanafuata taa. Kinachobaki ni kipande cha asubuhi, umande ukishapanda na upepo ukiwa haujaamka. Tulinyunyizia ardhi maji ya nguo kuzuia vumbi, tukafunga turubai upande wa barabara, tukawafungia kuku.

Lakini ilikuwa msimu wa ndengu. Mvua za Novemba na Desemba zilikuwa zimetubariki, maganda yamekauka, na mnunuzi wa kutoka Matuu alikuwa ametuma habari kwamba lori linakuja. Ndengu hupigwa zikiwa kavu, jua likiwa kali, na ua wetu una sehemu moja tu iliyo sawasawa na ngumu mbali na ile iliyokuwa na gari. Mwaitu alitandaza turubai lake akaita wanawake wawili wa jirani. Alikuwa amesema tangu jana yake kwamba leo atapiga. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea shambani, na upande mzima wa kushoto wa gari ulikuwa umetoka kupakwa.

Fimbo zilianza. Ndengu zikaruka, makapi yakainuka yakaenda zake shambani vizuri kabisa. Kisha upepo ukageuka.

Sikuwahi kufikiri makapi ni mengi namna ile. Yalipita juu ya turubai na kutua kwenye bluu ile mbichi, vipande vya maganda vyeusi, vijiti, vumbi jepesi la kahawia, kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Baba Mwende alikimbia akaanza kuyabandua kwa kucha, na kila alipobandua kimoja aliacha kovu refu.

"Acha!" Mjomba alipiga kelele hadi akakohoa. Alipopata pumzi akasema polepole, "Rangi mbichi haiguswi. Iache ikauke na uchafu wake. Ikishakuwa ngumu, msasa utatoa vyote."

Uani pakawa kimya. Wanawake walikuwa wameshusha fimbo wakimwangalia Mwaitu, na Mwaitu anamwangalia mwanawe. Ndengu zile zilikuwa karo ya shule. Zilikuwa pia sehemu ya mbuzi wa ntheo, maana pesa za kuwaongezea zingetoka kwenye lori lile. Mume wangu aliiweka rola ndani ya mkebe, akafunika mkebe. Akaenda hadi kwenye turubai la mama yake, akaokota fimbo, akaanza kupiga. Shemeji akamfuata. Walipiga mpaka jua likaelemea upande wa Thika, na sijawahi kuona ndengu zetu zikiisha mapema vile.

Kuanzia siku hiyo Mwaitu ndiye aliyepanga ratiba ya ua. Asubuhi ya rangi, mchana wa ndengu, na hakuna aliyevuka. Upande wa kushoto ulisuguliwa kwa namba 600 hadi kapi la mwisho likatoka, ukapakwa tena. Mwishoni bodi nzima ilipita 1000, 1500 na 2000, maji yakiwa ya mtungi sasa.

Kazi ilitoka vizuri, nasema hivyo bila kuipamba. Ukisimama karibu na paa, jua likiwa ubavuni, utaona chembechembe za sponji. Karibu na vioo kuna mstari mahali tepu iliinuka. Boneti ni nzuri kuliko ilivyokuwa nilipoolewa. Kung'arisha kwa polishi ilibidi kungoje, kwa sababu rangi hii huchukua wiki nyingi kukomaa, na siku ya ntheo haikungoja. Tulijaza petroli kwa uangalifu mkubwa, kitambaa kikiwa chini ya mdomo wa tangi, tukaenda Mwingi.

Wakwe waliuliza kuhusu mbuzi. Walitazama meno ya mbuzi hao, walitazama kwato, wakazungumza sana. Hakuna aliyesema neno kuhusu gari, na Mwaitu alirudi nyumbani ameridhika kabisa. Hicho ndicho alichotaka, kushuka bila gari kuwa habari.

Juma lililofuata jirani mmoja mwenye Probox iliyochubuka paa alikuja. Alizunguka DX, akapapasa boneti, akamuuliza Baba Mwende siri ni nini. Mume wangu akaanza na rola na tapentaini na tabaka nyembamba. Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza jirani kwake wana mapipa mangapi ya maji, na mama yake anapiga ndengu lini.

Alifikiri kidogo. Akasema pipa ni moja, na ndengu bado ziko shambani.

"Basi anza na pipa la pili," nikamwambia. "Rola tutakuazima."